Viti Kumi na Vinane vya Kilimani: Mafunzo Niliyopata katika Biashara ya Moshi

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja na simu mkononi, akanionyesha mchoro wa ukumbi: mito sakafuni, taa za rangi ya chungwa, kaunta ya juisi na spika za rege pembeni. "Mjomba," aliniambia, "siku watakapohalalisha bangi, watu wa Kilimani watataka mahali pa kukaa. Sisi tuwe wa kwanza." Alikuwa ameshaona nyumba, bangalo la zamani karibu na barabara ya Lenana, moja ya yale machache ambayo bado hayajabomolewa kupisha maghorofa.

Alinijia mimi kwa sababu kuanzia 2015 hadi 2017 niliendesha chumba cha shisha mtaa huo huo. Viti kumi na vinane, vyungu kumi na kimoja. Shisha si bangi, lakini sijui biashara nyingine Nairobi iliyowahi kufanana zaidi na hii anayoiota: watu kulipa ili waketi pamoja wavute. Haya ndiyo niliyomwambia, mengine kwa upole, mengine bila.

1. Kinachouzwa ni kiti

Nilidhani nauza moshi. Mwezi wa tatu nikapiga hesabu, nikaona moshi unalipia makaa, tumbaku na mirija iliyopasuka, basi. Faida ilitoka kwenye mishikaki, bhajia na chai ya tangawizi. Wateja wangu wa jioni walikuwa watu wa ofisi za katikati ya jiji. Walitoka kazini saa kumi na moja, wakakuta magari yameganda Valley Road hadi Ngong Road, wakaona afadhali kungoja jamu iishe wakiwa wameketi. Walikuja kupumzisha miguu na kusema vibaya kuhusu mabosi wao. Chungu cha shisha kilikuwa kisingizio cha kukaa saa moja na nusu bila kufukuzwa.

Hapo mpwa wangu ana hoja. Bangi huleta njaa, kila mtu anajua, na mwenye njaa aliyeegemea mto hana haraka ya kwenda. Kule California kumbi za namna hii ziliruhusiwa kwa miaka bila ruhusa ya kuuza chakula kilichopikwa papo hapo, hadi sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2025. Wenye kumbi walikuwa wakilia kila siku kwamba hawapati faida. Amsterdam nako, maduka yanayouza bangi hayaruhusiwi kuuza pombe. Nairobi ni mji ambao bia ndiyo hulipa bili za usiku. Nilimuuliza mpwa wangu kama kodi ya Kilimani inalipika kwa juisi ya miwa. Akasema atafikiria.

2. Sheria humfuata mwenye chumba

Wengi hudhani kosa ni kuvuta au kubeba tu. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kifungu cha 5, inakwenda mbali zaidi. Inamgusa anayevuta. Inamgusa anayekutwa katika nyumba ambayo watu hukutana kuvuta, kama hana sababu ya maana ya kuwa humo. Kisha inamgusa mwenye nyumba au msimamizi anayeruhusu nyumba itumike hivyo. Ilipotungwa iliweka faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa maneno mengine, mchoro ule wa kwenye simu umeandikiwa kifungu chake tayari.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mpole, kila mwezi ananipokea kwa chai. Mkataba wetu ulisema "mkahawa". Mambo yalipoharibika alitoa karatasi ile, akaweka kidole juu ya neno hilo, akanitazama. Sikuwa na la kujibu.

3. Kuhalalisha kuvuta hakufungui mlango wa ukumbi

Hili ndilo vijana hawalioni. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu watu wazima kutumia bangi faraghani mwezi wa Septemba 2018. Sheria yenyewe ilitiwa saini Mei 2024. Hata baada ya hapo, kuuziana hakukuruhusiwa. Ujerumani ilihalalisha tarehe 1 Aprili 2024, ikaruhusu vyama vya wakulima wa bangi kuwagawia wanachama wao, lakini mwanachama anachukua mzigo wake anakwenda nao nyumbani. Haruhusiwi kuuvuta pale chamani. Kwa hiyo hata ndoto ya mpwa wangu ya "kuhalalishwa" ikitimia, ukumbi wake unaweza kubaki nje ya mlango.

Sisi wenyewe tumelisikia neno hilo mara nyingi. Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, aliandaa mswada mwaka 2018. Akafariki Julai 2019. Mwaka 2021 Warasta walikwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kutumia mmea huo katika ibada. Mwaka 2022 George Wajackoyah alifanya kampeni ya urais kwa bangi, akachekesha taifa zima, akapata kura 61,969. Mikutano yake ilijaa. Masanduku hayakujaa.

4. Tarehe moja inatosha kukumaliza

Mwishoni mwa Desemba 2017 nilikuwa nimejaza stoo kwa ajili ya mkesha wa mwaka mpya. Tarehe 28 Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, akapiga marufuku shisha nchi nzima: kuvuta, kuuza, kuingiza, hata kuitangaza. Tanzania ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2016, na Rwanda siku chache tu kabla yetu. Ishara zilikuwepo, ila mtu aliyekopa pesa haoni ishara.

Yaliyofuata yanatisha kuliko marufuku yenyewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliacha marufuku isimame, ikaipa wizara miezi tisa kurekebisha utaratibu wake. Januari 2024 mahakama ya Shanzu kule Mombasa ikasema agizo hilo halikutimizwa, ikawaachilia watu waliokuwa wameshtakiwa. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ikasisitiza marufuku ipo pale pale. Miaka sita, na mwenye biashara bado hajui kama ni mfanyabiashara au mhalifu. Uganda waliona kioja cha namna hiyo: Mei 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria yao ya dawa za kulevya kwa sababu bunge lilipoipitisha akidi haikuthibitishwa, na mwaka uliofuata sheria mpya ikarudi.

5. Wanaolala ndani ni wahudumu

Hili sikumwambia mpwa wangu kwa urahisi.

Baada ya marufuku sikufunga. Niliweka mablanketi madirishani, nikawapokea wateja ninaowajua kwa majina, nikajiambia ni mwezi mmoja tu hadi stoo iishe. Polisi walikuja Ijumaa usiku. Mimi nilikuwa nimekwenda Kawangware kununua makaa. Wateja walizungumza Kiingereza kizuri, wakapiga simu mbili tatu, wakaachwa waende zao. Waliopandishwa gari ni bawabu na wasichana wawili waliokuwa wakibeba vyungu. Mmoja wao alitoka Kangemi na alikuwa akisoma chuo jioni. Alilala seli siku mbili, akakosa mtihani.

Nililipa dhamana. Nililipa na yale mengine yasiyo na risiti, ambayo kila mwenye biashara ya usiku Nairobi anayafahamu. Mtihani wa yule binti sikuweza kuulipa. Hadi leo hapokei simu yangu, na ana haki. Katika mpango wa mpwa wangu kulikuwa na ukurasa mzima wa taa na muziki, na mstari mmoja ulioandikwa "wahudumu 4".

6. Ukuta wa jirani ni mwembamba

Kilimani, Kileleshwa na Lavington ni mitaa ya watu kulala. Novemba 2022 Gavana Sakaja wa Nairobi alitangaza kuziondolea leseni klabu za usiku zilizojibanza katikati ya nyumba za watu, kwa sababu malalamiko ya kelele yalikuwa yamezidi. Kelele angalau unaweza kupunguza. Harufu ya bangi inapanda ghorofa ya nane bila lifti.

7. Moshi wa ndani huvutwa na wengine pia

Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kumwingizia mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Mimi nilikuwa humo saa nane kila siku, kati ya makaa yanayowaka, na kichwa kikiniuma nilisema ni usingizi. Feni moja haisaidii.

Mpwa wangu akasema basi atauza keki za bangi, hakuna moshi. Keki ni hatari zaidi kwa mwenye ukumbi. Moshi humpanda mtu ndani ya dakika chache. Keki inaweza kukawia nusu saa hadi saa mbili. Mteja anakula moja, haoni kitu, anaongeza ya pili, analipa, anaaga, na kila kitu kinampanda akiwa kwenye usukani Waiyaki Way.

8. Ukumbi upo tayari, hauna mito

NACADA ilikadiria mwaka 2022 kwamba Wakenya 518,807 walikuwa wakitumia bangi. Hawangojei mchoro wa mtu. Wapo kwenye vijiwe viitwavyo base, kule Kawangware na Kangemi, juu ya tairi kuukuu na mawe, wakigawana msokoto. Karibu nao kuna jaba base, ambako watu hutafuna miraa mchana kweupe hadi usiku, kwa kuwa mmea huo ni halali. Kwa kweli jaba base ndiyo darasa ambalo mpwa wangu angepaswa kwenda kukaa: kiti cha plastiki, njugu, soda, na mwenyeji anayejua nani amezidisha na nani aende nyumbani.

Kijana wa base akikutwa na msokoto, anapandishwa gari. Ukumbi wa Kilimani ukija siku moja, hataweza kulipa kiingilio chake. Nilimuuliza mpwa wangu atamweka wapi kijana huyo katika mchoro wake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama vile vyungu vyangu bado ninavyo.

Ninavyo. Viko stoo, kumi na kimoja, vimejaa vumbi. Nimemwambia siwezi kumpa pesa, wala asimlipe mwenye lile bangalo hata kodi ya mwezi mmoja. Siku atakayoniletea leseni iliyoandikwa bangi, tutakaa tena tupige hesabu ya juisi. Kufikia sasa hakuna ofisi nchini Kenya inayoitoa.