Steringi Asiyerusha Ngumi



Mimi nimekulia kibanda umiza. Benchi za mbao, jenereta inanguruma nje, DJ anatafsiri kwa sauti ya kukoroma, na kanuni moja ambayo hakuna mtoto aliyeibishia: steringi hafi. Akimiminiwa risasi, inamkwaruza begani tu. Tulitoka mle tumelowa jasho, tukirushiana mateke mpaka nyumbani. Na niseme ukweli, frateri au si frateri, zile muvi bado nazipenda.

Aliyenivurugia ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Tukiwa falsafa tulisoma swali lake kuhusu fadhila ya nguvu, yaani ushujaa: tendo lake kuu ni lipi, kushambulia au kustahimili? Mtoto wa kibanda umiza jibu nilikuwa nalo mfukoni. Thoma anasema ni kustahimili, na anatoa sababu. Anayeshambulia hujiona ana nguvu, lakini anayestahimili anakabiliana na aliyemzidi. Kwa anayeshambulia hatari bado iko mbele, kwa anayestahimili imeshamfika. Tena kushambulia kunaweza kuisha kwa dakika moja ya hasira, lakini kustahimili kunadai muda mrefu. Niliyaandika hayo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, nikayasahau.

Yalinirudia kupitia filamu, mwaka wangu wa kichungaji. Sikuwa sawa mwaka ule. Wenzangu wa sekondari walishaanza kazi, mmoja ameoa, na mimi sala ilikuwa imenikauka kama mto wa kiangazi. Barua ya kuomba kuacha malezi nilishaiandika, nimeikunja ndani ya breviari. Jioni moja padre aliyekuwa akinilea pale parokiani akafungua kompyuta yake, akaniambia, "Frateri, kaa hapa, tuangalie kitu."

Ilikuwa *Of Gods and Men* ya mwaka 2010, kazi ya Mfaransa Xavier Beauvois. Wamonaki Watrapisti wanaishi Tibhirine, milimani huko Aljeria, jirani zao wote ni Waislamu. Mzee Luc ni daktari, kila siku foleni ya akina mama na watoto iko mlangoni kwake. Wengine wanalima, wanauza asali sokoni. Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe inasogea, wageni wanachinjwa karibu nao, na swali linakuja: tuondoke au tubaki?

Hapo nilitegemea hotuba ya kishujaa. Haikuwepo. Priori wao, Christian, anakataa ulinzi wa jeshi bila kuwauliza ndugu zake, nao wanamkasirikia, na wana haki. Wanazunguka meza, kila mmoja anasema lake. Kuna anayetaka kuondoka, kuna anayetaka kubaki, kuna asiyejua. Filamu haimwiti yeyote mwoga. Kijana kati yao ni Christophe, na usiku, peke yake chumbani, analia kwa Mungu asimwache. Ni sala ya mtu anayezama, wala haina utaratibu.

Wanachukua miezi kufika kwenye jibu moja. Wanaendelea kupika, kuosha vyombo, kuimba zaburi, kuogopa. Ule "muda mrefu" wa Thoma niliokariri kwa ajili ya mtihani, nikauona una nyuso. Karibu na mwisho kuna chakula cha jioni: Luc analeta divai, anaweka kaseti ya muziki wa Tchaikovsky, na kamera inapita uso mmoja baada ya mwingine. Wanatabasamu, kisha wanalia. Hakuna anayesema neno. Msiikimbize sehemu hiyo.

Hawa watu waliishi kweli. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Machi 1996 saba kati yao walitekwa, na hawakurudi hai. Tarehe 8 Desemba 2018 walitangazwa Wenyeheri mjini Oran, pamoja na wafiadini wengine 12 wa Aljeria. Filamu yenyewe haituonyeshi kifo chao. Wanatembea kwenye theluji mpaka hawaonekani.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni usiku ule. Niligundua kitu kidogo tu, cha aibu kidogo: nilikuwa nimemwandikia askofu barua kabla sijamwambia Mungu kwamba naogopa. Nikaenda kanisani, nikamwambia, vibaya vibaya, bila kitabu. Asubuhi nikamwonyesha padre ile barua. Akasema, "Itunze. Baada ya miezi sita tutaisoma pamoja." Tuliisoma. Leo niko teolojia, na barua bado ninayo.

Ya pili ni *A Hidden Life* ya Terrence Malick, 2019. Ni karibu saa tatu na inakwenda polepole, kwa hiyo msianze saa nne usiku. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria, anakataa kula kiapo cha utii kwa Hitler. Kila mtu anamwambia jambo lile lile: kukataa kwako hakutabadilisha chochote, una mke, una mabinti watatu. Aliuawa tarehe 9 Agosti 1943. Lakini mtazameni mke wake, Franziska. Majirani wanamtenga, analima mwenyewe na dada yake, watoto wanamzunguka. Kwangu steringi ni yeye. Franz alipotangazwa Mwenyeheri mwaka 2007, Franziska alikuwepo, ana miaka 94.

Kuna wanaoniuliza kama frateri anaruhusiwa haya mambo. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 bora. Mojawapo ni *The Mission* ya 1986, na hii ndiyo iliyotugombanisha bwenini. Wamisionari Wajesuiti wanaishi na Waguarani huko Amerika ya Kusini, nchi inagawiwa kwa Wareno, jeshi linakuja. Padre Gabriel anatoka na Ekaristi mikononi, bila silaha. Rodrigo, aliyewahi kuwakamata watu hao hao utumwani kabla ya kutubu, anauchukua tena upanga ili awatetee. Wote wawili wanakufa.

Iangalieni kikundi kizima, simu mbali, halafu mbishane: nani kati yao alikuwa shujaa? Thoma alisema kustahimili ndilo tendo kuu, hakusema ndilo la pekee. Mimi niko upande wa Gabriel. Ila nikiwakumbuka wale watoto wachache mwishoni, wakipanda mtumbwi kutoka kwenye mabaki ya misheni iliyoungua, sina uhakika mia kwa mia.