Muulize bibi kwanza, Monrovia baadaye

Mdogo wangu wa Rwamishenye, barua yako nimeisoma mara mbili. Umemaliza kidato cha sita, unataka kusoma uhusiano wa kimataifa, hasa wa nchi zetu za Maziwa Makuu, na baba anauliza: kusoma vita vya watu kutakulisha?

Usimkasirikie. Mzazi aliyelipa ada kwa kahawa na ndizi ana haki ya kuulizia mavuno. Mwambie kwamba umeme wa Rusumo, megawati 80, unagawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaingia nchini kwa Mutukula na kupita mkoani kwetu Kagera kuelekea Tanga. Kabla ya hayo watu walikaa mezani wakabishana, wakaandika mikataba. Hiyo ni kazi, na inahitaji waliosoma.

Sasa wewe. Unasema bibi yako alikimbia kutoka upande wa Kyaka mwaka 1978, mtoto mgongoni. Anza naye. Mpelekee kahawa ya kutafuna, ukae naye jikoni bila haraka. Walijuaje kwamba askari wa Amin wamevuka mpaka? Nani aliwapokea? Waliporudi walikuta nini? Andika maneno yake yalivyo, hata yakija kwa Kihaya. Akikosea tarehe usimkatize. Tarehe zimo vitabuni. Uvamizi Oktoba 1978, daraja la Kyaka kuvunjwa Novemba, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Hata jina la mkoa wetu limetoka humo: kabla ya vita hivyo tuliitwa Ziwa Magharibi.

Ukishamsikiliza bibi, ndipo usome habari za Monrovia. Julai 1979 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana huko, na Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa anamaliza uenyekiti, akailaumu Tanzania kwa kuingia Uganda. Obasanjo wa Nigeria naye akalaumu. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa hasira. Si sisi tuliovamiwa? Nilipokirudia siku ya pili nikaona wana hoja. Katiba ya OAU ya 1963 ilikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na lile azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka, Nyerere mwenyewe ndiye aliyelipeleka. Kumrudisha mvamizi ng'ambo ya mpaka ni jambo moja, kufika Kampala mpaka serikali ikaanguka ni jingine. Lakini Nyerere naye alikuwa na lake: mbona Amin alipovamia, OAU haikumlaani? Kaa na hoja hizo, mdogo wangu, mpaka uweze kuitetea kila moja mbele ya mwenye nayo naye akubali kwamba umemwelewa. Mimi ilinichukua muda mrefu, kwa sababu moyo wangu ulikuwa Kyaka.

Chuoni, iwe Mlimani au Chuo cha Diplomasia Kurasini (Tanzania na Msumbiji walikianzisha mwaka huohuo wa 1978), utakaa na Wanyarwanda, Warundi, Wakongomani. Tafadhali usimuulize mtu kabila lake. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja. Kambini Benaco waliokuwa wameua walilala jirani na watoto wasiojua lolote. Mwenzako huenda hakuwa amezaliwa, lakini watu wake walikuwa mahali fulani siku zile, na swali lako linamtaka ajitetee kabla hamjazoeana. Atakapotaka, atasema. Na usidhani sisi tulikuwa wapokeaji wema tu: Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwa nguvu, na Operesheni Kimbunga ya 2013 iliwaondoa watu waliokuwa wameishi mkoani kwetu miaka mingi. Soma na hayo.

Habari za Congo zitakuchosha ukizifuata zote. Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Februari 8 EAC na SADC wakakutana Dar es Salaam, Juni Congo na Rwanda wakasaini Washington, Julai Congo na M23 wakasaini Doha. Chukua mkutano mmoja tu, wa Dar kwa mfano. Tafuta tamko lenyewe, soma nani ametakiwa afanye nini na lini, kisha fuatilia kama kilifanyika. Na ujifunze Kifaransa sasa hivi, kabla chuo hakijafunguliwa. Kiswahili kitakusaidia kuongea na mama muuza mboga wa Goma, lakini serikali yake huandika kwa Kifaransa.

Simulizi za 1994 usizisome usiku ukiwa peke yako. Zikikulemea, funga, toka nje, kaa na watu.

Bibi akikujibu, niandikie. Nataka kujua walikuta nini waliporudi.