Chakula cha Mjamzito ni Haki, Si Hisani



Muhula huu katika somo la fiqhi tumesoma mlango wa nafaqa. Kuna jambo humo ambalo naona halisemwi vya kutosha katika halaqa zetu, ilhali ndoa za wanafunzi hapa chuoni zinaongezeka, alhamdulillah. Katika Suratut-Talaq, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanaume wawagharimie wake waliowaacha, ikiwa wana mimba, mpaka wajifungue. Zingatieni kwamba anayezungumziwa ni mke aliyekwisha kupewa talaka! Ikiwa huyo ana haki ya kulishwa, itakuwaje kwa aliye ndani ya nyumba? Wanazuoni wamejadiliana kama nafaqa hiyo ni ya mama mwenyewe au ni ya kiumbe kilicho tumboni. Mjadala ni mzuri, lakini kwa kauli zote mbili mume hasemi "nimemsaidia". Amelipa anachodaiwa.

Sasa, deni hilo laanza lini? Hapa naomba akina kaka wasome polepole. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mfereji mdogo, ambao hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga. Wakati huo dada wengi hawajajua kama ni wajawazito. Ndiyo kwanza hedhi imechelewa. Mfereji usipojifunga vizuri, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki hupunguza sana hatari hiyo, nayo humezwa maikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kubeba mimba hadi wiki ya 12. Anayesubiri kliniki ya mwezi wa nne amekwisha kupitwa. Kwa hiyo bwana harusi anayepiga hesabu ya kanzu na mapambo ya ukumbi, aviweke na vidonge hivi kwenye bajeti. Bei yake haifikii hata ya maua.

Kuhusu chakula chenyewe, sidhani tatizo letu kubwa ni umaskini. Posho na maharage ya kantini tunayoyacheka yana kheri nyingi: maharage yana folati, protini na madini ya chuma. Ongeza dodo au nakati, karanga za kusaga, na mukene. Samaki hao wadogo huliwa wazima na mifupa yao, hivyo mama hupata na kalsiamu. Kinachotuharibia ni chai. Tunakula maharage tukiyateremshia chai ya rangi, na chai huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo. Bora chai ingoje saa moja au mbili, na mlo uende na chungwa, embe au pasheni, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini. Na vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki vimezwe, visiwekwe kabatini. Mama mwenye upungufu wa damu akivuja damu wakati wa kujifungua, hana akiba ya kumvusha.

Kuna mila zinazomkataza mjamzito mayai au kuku, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Sisi tuna kanuni kwamba asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kuharamisha. Dalili ya kuharamisha yai iko wapi? Lakini udongo, unaouzwa sokoni vipandevipande na kutafunwa waziwazi, hakuna bibi anayeukataza, nao huzuia chuma na waweza kuwa na mayai ya minyoo au hata risasi. Dada mwenye hamu hiyo aende akapimwe damu, maana mara nyingi hamu ya udongo huambatana na upungufu wake.

Nimalizie na saumu. Ramadhani iliyopita dada mmoja wa hosteli yetu, mimba ya miezi mitatu, alikuwa akitapika mchana kutwa na bado anafunga. Nilipomuuliza, alisema anaona haya kuonekana anakula. Dada zangu, Mtume (s.a.w.) alieleza katika hadithi ya Anas bin Malik Al-Ka'bi kwamba mjamzito na anayenyonyesha wameondolewa ulazima wa kufunga, pamoja na msafiri. Ruhusa ya Mola haionewi haya. Mwenye afya ambaye daktari hana wasiwasi naye aweza kufunga. Anayehofia madhara, ale.

Katika madhehebu ya Shafi, aliyehofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku tu. Aliyehofia mtoto peke yake atalipa siku, na juu yake fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwa Mahanafi ni kulipa siku tu, na kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Umar imepokewa kauli ya fidia bila kulipa. Akijifungua akawa ananyonyesha, na Ramadhani nyingine ikamkuta hajaweza kulipa, udhuru wake ungalipo, na wala asisukumwe na yeyote kufunga huku maziwa yanakauka.

Wallaahu a'lam.