SOMO LA AFYA: MTOTO ASIYESIKIA ATAMBULIWE MAPEMA



Katika vitongoji vilivyo jirani na machimbo, mtoto mchanga anayelala fofofo huku karasha likisaga mawe husifiwa kuwa ni mtulivu. Huenda ni mtulivu kweli. Huenda pia hasikii, na sifa hiyo ikamchelewesha miaka miwili au mitatu, hadi siku mzazi atakaposhtuka kuona wenzake wanazungumza naye bado.

Kwa nini umri ni muhimu?

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Akishazaliwa, ubongo wake hujenga lugha kwa maneno anayoyapokea kila siku. Kipindi hicho kikipita bila lugha, kukifidia ni kazi ngumu. Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji.

Utafiti wathibitisha hayo. Mwaka 1998, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake waliwalinganisha watoto 72 waliotambuliwa kuwa na upungufu wa usikivu kabla ya kutimiza miezi 6 na 78 waliotambuliwa baadaye. Waliotambuliwa mapema walielewa lugha na kujieleza vizuri zaidi. Kusini mwa Uingereza, watoto walifuatiliwa hadi ujanani. Waliothibitishwa kabla ya miezi 9 waliwazidi wenzao katika kusoma, na tofauti hiyo ilipanuka kadiri walivyokua.

Ndiyo maana wataalamu hufuata kanuni ya 1-3-6: mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, athibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6.

Mzazi atambue nini?

Kupima usikivu wa kila mtoto anapozaliwa bado si huduma ya kawaida katika zahanati nyingi nchini. Hivyo jicho la mzazi ndilo kipimo cha kwanza. Mpeleke mtoto kituoni endapo:

- hashtuki kwa sauti kubwa ya ghafla;
- akifika miezi 6, hageuki kuitafuta sauti;
- akifika miezi 9, haitikii jina lake, au vibwebwe vyake vya sauti vimepungua;
- akitimiza mwaka, hana neno lolote.

Usimjaribu kwa kubamiza mlango wala kukanyaga sakafu kwa kishindo, kwani kiziwi huhisi mtikisiko. Simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida.

Uangalizi zaidi wahitajika kwa mtoto aliyezaliwa njiti, aliyechelewa kulia, aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, na yule ambaye ukoo wake una viziwi.

Kinga

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takribani asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni hutokana na visababishi vinavyozuilika. Kamilisha chanjo ya surua na rubella katika miezi 9 na 18. Tibu mapema sikio linalotoa usaha, wala usimimine humo mafuta au dawa za mitishamba. Mjamzito akae mbali na uchomaji wa zebaki, kwani sumu yake hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Msaada upo

Anzia zahanati yako, uombe rufaa ya kumwona mtaalamu wa masikio, pua na koo. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili hupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa upande wa elimu, Shinyanga ina Shule ya Msingi Buhangija, inayopokea pia watoto viziwi. Tabora ina shule ya viziwi tangu mwaka 1963.

Wakati rufaa ikisubiriwa, lugha isisubiri. Mtazame mtoto usoni unapozungumza naye, na familia nzima ijifunze Lugha ya Alama. Mtoto anayepokea alama tangu uchanga hujenga lugha kamili, ambayo baadaye humbeba darasani.

Siku ya kliniki ijayo, kabla kadi haijarudishwa mkononi mwako, muulize muuguzi: "Je, mwanangu anasikia?" Swali hilo halina malipo, na hakuna umri ulio mdogo mno wa kuliuliza.