Homoni ya Ukuaji na Afya ya Akili ya Mwanamume Mzima

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, ambayo ni kadiri ya punje ya njegere na imekaa chini ya ubongo. Wengi hudhani kazi yake huisha kijana anapofikia kimo chake. Sivyo. Mwanamume wa miaka 40 bado huitoa kwa mafungu, hasa usiku katika usingizi mzito, nayo huchochea ini kutengeneza homoni nyingine iitwayo IGF-1. Mbili hizi husaidia kupanga mafuta ya mwili, misuli na mifupa, na pia, kwa njia ambazo wataalamu hawajazieleza zote, uchangamfu wa mtu.

Kwa watu wazima, upungufu wake huletwa zaidi na uvimbe wa tezi yenyewe, au upasuaji na mionzi ya kuutibu uvimbe huo. Sababu nyingine, ambayo Mariakani inastahili kuangaliwa sana, ni kuumia kichwa. Mji huu umekaa kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Malori yanayotoka bandarini husimama hapa kwenye mizani, na bodaboda hupenya katikati yake, mara nyingi dereva na abiria wakiwa vichwa wazi. Aliyeumia hutibiwa, kidonda hufunga, akarudi nyumbani. Miezi kadhaa baadaye jamaa huona amebadilika: hataki watu, hasira ziko karibu, kibarua kimemshinda. Wapo watakaosema amerogwa, na wapo watakaolaumu pombe ya mnazi. Mara nyingi chanzo ni ubongo wenyewe ulioumia, au sonona iliyofuata ajali. Lakini kwa baadhi ya majeruhi hata pituitari iliumia, na hilo ni nadra kutafutwa.

Mwenye upungufu wa kweli hulalamikia uchovu usioondoka kwa kulala, kukosa hamu ya mambo, kujitenga, wasiwasi na kusahausahau. Kiuno huongezeka mafuta na misuli hupungua. Tatizo ni kwamba hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyo ya ugonjwa huu pekee. Sonona huzileta, na vilevile tezi ya koo iliyozembea, testosteroni kidogo, upungufu wa damu, kisukari, VVU na ulevi. Na yote hayo yako kwa wingi kuliko pituitari iliyoharibika.

Tiba yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alieleza jinsi alivyomkuza kijana mfupi kwa homoni iliyotolewa katika maiti. Mwaka 1962 aliandika kuhusu mwanamke wa miaka 35 ambaye baada ya sindano hizo alijihisi mwenye nguvu na furaha zaidi. Homoni ya maiti ilikuwa haba, hivyo ikatengewa watoto, hadi 1985 ilipogunduliwa kwamba imewaambukiza baadhi yao ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo na kuua. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha homoni ya maabara. Watafiti wa London na Denmark walichapisha majaribio kwa watu wazima mwaka 1989, na Marekani ikaruhusu tiba hiyo kwao mwaka 1996.

Kwa upande wa akili, matokeo ni ya wastani. Waliokuwa na hali mbaya zaidi kabla ya tiba ndio hupata nafuu kubwa. Aliyekuwa karibu na kawaida haoni tofauti ya maana. Ndiyo maana Uingereza, katika mwongozo wa 2003 wa NICE, taasisi yake ya kutathmini tiba, iliweka masharti: upungufu mkali uthibitishwe kwa kipimo, homoni nyingine zilizopungua ziwe zimesharudishwa, na mgonjwa apate alama 11 au zaidi kati ya 25 katika dodoso la hali ya maisha, ambalo alama nyingi ndizo mbaya. Baada ya miezi 9, alama zisipopungua kwa 7, dawa husimamishwa.

Mwanamume ambaye pituitari yake ni nzima yuko nje ya hesabu hiyo. Mwaka 1990 Daniel Rudman wa Marekani alitangaza kwamba wanaume 12 wenye zaidi ya miaka 60 walipungua mafuta na kuongeza misuli kwa miezi sita ya sindano. Wafanyabiashara wakaligeuza jambo hilo kuwa dawa ya ujana, na biashara hiyo imefika mpaka kwenye majimu. Homoni hii si dawa ya sonona. Ikizidi huvimbisha miguu, huumiza viungo, hutia ganzi mikononi na hupandisha sukari. Michezoni imepigwa marufuku, na Kenya ina wakala wa kupambana na dawa hizo tangu 2016.

Uchunguzi huanzia hospitali ya Mariakani kwa mambo ya kawaida: historia ya ajali, sukari, damu, VVU, tezi ya koo na maswali ya sonona. Anayefikiria kujiua hasubiri kipimo cha homoni. Hutibiwa siku hiyohiyo. Kumficha kwa hofu ya polisi hakuna msingi tena, kwa kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai.

Dalili za pituitari zikijitokeza, rufaa ni kwa daktari wa homoni katika hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Pwani mjini Mombasa. Kupima homoni ya ukuaji mara moja kwenye damu ni kupoteza pesa, kwa kuwa hupanda na kushuka mchana kutwa. Tezi hupimwa kwa kuchochewa, kwa insulini au glukagoni, mgonjwa akiangaliwa hospitalini. Mwenye kifafa, ambacho nacho hufuata majeraha ya kichwa, hapewi insulini kwa kipimo hiki. Kortisoli huangaliwa kwanza, maana ikipungua bila kutibiwa huua, na homoni ya ukuaji inaweza kuufichua upungufu huo ghafla.

Hata upungufu ukithibitika, mwenye saratani hai hapewi homoni hii. Wengine huanza na miligramu 0.2 hadi 0.3 chini ya ngozi kila usiku, kisha dozi hurekebishwa kwa kufuata IGF-1 na sukari. Dawa ni ghali, na hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa joto la Mariakani na umeme unaokatika, mahali pa kuihifadhi hupangwa kabla ya chupa ya kwanza kununuliwa.