SOMO LA ROBO HII: KUJENGA HOSPITALI NA KUIENDESHA



Katika ziara zetu swali moja hurudi kila tunapokaa na Kamati za Maendeleo: "Tukijenga zahanati, serikali haitaichukua?" Wafadhili nao huuliza kwa namna yao: kama serikali inalipa mishahara, mbona kanisa bado linaomba? Ni maswali ya haki. Tumeona vema tuyajibu kwa kupitia historia ya hospitali ambayo wengi wetu wa kaskazini tumewahi kuingia na chupa ya uji mkononi kumwona mgonjwa, yaani KCMC ya Moshi.

Tiba ya Kilutheri Kilimanjaro ni ya zamani kuliko hospitali hiyo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Hospitali ya Machame ilikuwa ikitibu watu muda mrefu kabla ya KCMC. Mjini Moshi ilikuwepo Mawenzi, hospitali ya serikali, ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kilichokosekana ni hospitali kubwa ya kupokea wagonjwa walioshindikana kwingine, na ya kufundishia watumishi. Kwa ajili hiyo Shirika la Msamaria Mwema lilichangisha fedha, nyingi zikitoka nje ya nchi, na Machi 1971 milango ikafunguliwa.

Haikuchukua muda, uendeshaji ukaingia mikononi mwa serikali. Tukumbuke nyakati zile. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, tiba katika hospitali za serikali ilikuwa bure, na taifa lilitaka huduma kubwa ziwe za umma. Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, nayo ilichukuliwa mwaka 1972, ikarudishwa mwaka 1985. KCMC ilirudi kwa Msamaria Mwema mwaka 1992. Wapo wazee wetu ambao bado hulizungumza jambo hili kwa uchungu. Sisi tunaona lina pande mbili, maana hospitali ya ukubwa ule ina gharama ambazo sadaka za sharika peke yake zisingezibeba, na kwa karibu miaka 20 serikali ilizibeba, hata uchumi ulipoyumba miaka ya 1980.

Mwaka huohuo wa 1992, mwezi Februari, serikali na makanisa kupitia CCT na TEC walitia sahihi makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu. Serikali ilikubali kutotaifisha tena taasisi za makanisa, na kuendelea kuzichangia. Ndipo ilipozaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Basi kamati inayoogopa kunyang'anywa zahanati inaogopa jambo la miaka 50 iliyopita. Hofu ya leo iwe nyingine.

Iwe hii: nani atalipa Jumatatu baada ya Jumapili ya uzinduzi?

KCMC ina vitanda zaidi ya 600 na hupokea rufaa za Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga na hata mbali zaidi. Serikali hulipa mishahara ya watumishi wengi. Lakini mshahara wa muuguzi haununui glavu anazovaa. Umeme, dawa, dizeli ya jenereta, sabuni ya kufulia mashuka na fundi wa mashine hutafutiwa kwingine: kwenye malipo ya wagonjwa, kwenye Bima ya Afya iliyoanza mwaka 2001, na kwa wafadhili. Sera ya taifa, ambayo tunaiunga mkono, inataka watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Ni haki yao, ila hesabu ya dawa waliyopewa hubaki mezani kwa mhasibu.

Angalieni kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa pale KCMC mwaka 1992. Hapo hutengenezwa mafuta ya KiliSun, ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na jua linaloleta saratani ya ngozi. Mafuta hupakwa na kuisha, na mtoto aliyepewa kopo lazima apewe jingine. Hakuna kibao cha marumaru kinachowekwa kwa ajili ya kopo la pili, na pengine ndiyo sababu ni vigumu kulichangishia.

Tusome tena Luka 10 tukiwa na daftari la mapato na matumizi. Yule Msamaria hakujenga nyumba ya wageni, aliikuta. Alifunga majeraha, akamchukua mtu kwa mnyama wake, akaacha dinari mbili kwa mwenye nyumba, tena akaahidi kulipa chochote kitakachozidi atakaporudi. Mahubiri yetu mengi huishia barabarani, kwenye mafuta na divai. Ile ahadi ya deni lisilojulikana kiasi chake tunaipita haraka.

Sisi wenyewe tumejifunza kwa kukosea. Katika usharika mmoja, ambao hatuutaji, tulisaidia kujenga zahanati nzuri: ripu, bati, rangi, na kwaya tatu siku ya kuweka wakfu. Nyumba ya mtumishi haikuwemo kwenye bajeti. Tabibu alikuja, akalala wiki mbili kwenye ofisi ya mwinjilisti, akaondoka. Kufuli lilikaa mlangoni miezi 14, na akina mama waliendelea kupita mbele ya jengo hilo wakienda kujifungua mbali. Andiko la mradi tuliliandika sisi, na sisi ndio tuliosahau.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zinazoandaa maombi ya ujenzi ziambatishe ukurasa mmoja wa gharama za miezi 12 ya kwanza: mtumishi atalala wapi, maji yatatoka wapi, dawa zitanunuliwa kwa fedha gani, na asiye na fedha atalipiwa na nani. Mkiamua kutenga sehemu ya mnada wa mavuno, andikeni ni sehemu gani. Wafadhili wetu tutawatumia kurasa hizohizo, ili anayependa kuchangia sabuni na dizeli naye apate nafasi. Ombi litakalokuja bila ukurasa huo tutalirudisha kwa mchungaji.