Warfarini Usiiache Uwanja wa Ndege

Wadogo zangu wa Deira, Satwa na Al Quoz hapa Dubai, leo nasema na nyie mliowekewa vali ya chuma kwenye moyo, iwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam au kwingineko, kisha mkapanda ndege kuja kutafuta maisha. Wengi wenu mliumwa koo utotoni, koo likaleta rumatiki, rumatiki ikala vali.

Mkishafika huku, vidonge vya warfarini vikiisha mnanyamaza. "Dada, mbona sijisikii vibaya?" Hutajisikia! Warfarini inalibania ini vitamini K, na protini za kugandisha damu namba 2, 7, 9 na 10 zinapungua. Upungufu huo umetengenezwa makusudi, ili bonge la damu lisijengeke kwenye vali likarukia ubongo. (Ndiyo, ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Isikutishe, binadamu wanaimeza tangu miaka ya 1950.) Ukiacha, siku chache tu protini zinarudi, na kiharusi hakipigi hodi.

Sasa kwa kuwa damu yako haigandi upesi, mgongo ukiuma baada ya zamu ndefu usinunue ibuprofeni wala diklofenaki. Muulize mfamasia kuhusu parasetamoli. Flagyl na Septrin tulizobeba kutoka nyumbani, tunazozitafuna kama karanga, zinaipandisha vibaya INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda. Daktari wa meno naye ajue kabla hajashika koleo. Mlukhiya, mboga yenye vitamini K, ya nyumba unayofanyia kazi kula, ila kiasi kisipishane sana wiki hadi wiki. Lengo la INR kwa wengi liko kati ya 2 na 3.5 kutegemea vali. Lako limo kwenye kijitabu cha kliniki, kwa hiyo usikiache kwa mama.

Unayetaka mtoto, muone daktari kabla ya kushika mimba. Miezi ya mwanzo warfarini inaweza kumdhuru mtoto, lakini dawa anabadilisha daktari, huiachi mwenyewe.

Najua mnaogopa kutamka "moyo" mbele ya bosi. Basi mtamkieni daktari. Sheria ya Dubai Namba 11 ya 2013 inamtaka mwajiri akukatie bima ya afya kwa gharama yake. Uliza kadi yako inapokelewa kliniki gani, ukapime INR.

Choo kikiwa cheusi ti, fizi zisipoacha kuvuja, hedhi isipokatika, kichwa kikiuma baada ya kuanguka, au mdomo ukipinda, usisubiri siku ya ofu. Piga 998, namba ya ambulensi.